Ndege wa Arobaini Yangu

Dirisha la chumba chetu lilikuwa juu, karibu na dari, kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi. Lakini kitanda nacho kilikuwa juu. Mama mkwe alitaka kipandishwe, na mume wangu akakiweka juu ya matofali ya saruji, hivyo nilipoegemea mito macho yangu yalikuwa karibu sawa na ua wa nyuma. Sikuuona ua ule kwa juu kama watu wanavyoona bustani. Niliuona kwa ubavu, kama mtoto aliyeweka kidevu mezani: theluji, ndege juu ya theluji, na miguu ya hao ndege, myembamba kama njiti za kiberiti. Nilijiuliza kila siku kwa nini haikatiki.

Hapo ndipo nilipokaa arobaini yangu, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa, katika jiji la Toronto, msimu ambao theluji ilianguka bila kupumzika mpaka wanajeshi wakaitwa kusaidia kuizoa. Waliokuwapo wanausimulia msimu huo kwa habari za mabasi na treni. Mimi sikutoka nje. Ninachokumbuka ni ndege na hofu.

Hofu ilianzia hospitali. Mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, ngozi ya mapaja imelegea kama nguo aliyoazimwa. Tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alimvalisha kofia, akanitazama usoni, akaniambia neno moja: asipate baridi. Alilirudia mlangoni. Nililibeba neno hilo kwenye teksi, nikashuka nalo zile ngazi, nikalala nalo. Usiku nilikuwa naamka kumgusa pua. Ikiwa ya baridi, moyo ulinipasuka. Ikiwa ya moto, nilidhani ana homa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kunilea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege, na alifika na sanduku lenye harufu ya nyumbani: pilipili manga, habbasoda, udi, chetezo kilichofungwa ndani ya kanga, na kinu kidogo cha shaba ambacho watu wa forodha walikigeuzageuza wasielewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo, akanipa uji wa pilipili manga mpaka jasho likanitoka kwenye nyusi. Kitu kimoja tu hakukipata. Alitaka moto. Kwao mzazi hulazwa juu ya kitanda cha kamba, na chini yake huwekwa jiko la makaa yaliyoiva, siku zote arobaini, ili baridi ya uzazi imtoke mifupani. Matofali chini ya kitanda yalikuwa kwa ajili hiyo.

Mume wangu aliyaweka matofali, lakini moto akaukataa. Alimwambia mama yake kwamba huku nyumba zina king'ora cha moshi, kikilia mwenye nyumba atatufukuza. Akanunua hita ya umeme, akaisukuma chini ya kitanda, akasema ndiyo hiyo. Mama mkwe aliinama akaikagua hita ile.

"Tatizo lenu ni moshi tu?" aliuliza.

"Ni moshi, Mama."

Mume wangu alidhani yamekwisha.

Nyumba ilikuwa Etobicoke ya kaskazini, barabara ndogo inayotoka barabara kuu ya Kipling, na mwenye nyumba aliishi juu yetu. Alikuwa mjane, Mhindi wa Kiismailia, mzaliwa wa Mwanza. Watoto wake walikuwa na majumba makubwa Unionville na walimsihi ahamie kwao. Yeye alisema kule hakuna mtu wa kugombana naye. Sisi tulimwita mama wa juu. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta ya duka, cha haraka na cha kukata maneno. Kila asubuhi alivaa koti la marehemu mumewe, lililomfika kwenye viatu, akatoka uani na kopo la mtama na mbegu za alizeti. Za alizeti alizitia kwenye kijumba cha mbao kilichoning'inia kwenye mti wa tufaha. Mtama aliumwaga chini, mbele ya dirisha langu, mahali alipopafagia theluji. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati. Baadaye niligundua kwamba alipafagia hapo makusudi, ili mimi nione.

Mama mkwe hakufurahishwa. Siku moja alipanda ngazi kurudisha sufuria, nikawasikia mlangoni.

"Mtama wote huo, dada, unawapa ndege? Kwetu huo ni chakula cha watu."

"Hawa nao ni wapangaji wangu, dada. Tena wazuri kuliko nyinyi. Hawamalizi maji ya moto."

"Na kodi wanalipa?"

"Wanalipa. Wewe huwasikii wakiimba?"

"Mimi nasikia kelele."

Walicheka wote wawili. Tangu siku hiyo mama mkwe alikuwa akipeleka juu makombo ya chapati, akisema ni ya kuku wa mama wa juu.

Nilikuwa mtu wa kazi ya habari kabla sijaondoka nyumbani, na mtu wa kazi hiyo akifungiwa ndani hutafuta cha kuripoti. Nikawaripoti ndege. Sikujua majina yao, nikawapanga kwa mwonekano na saa. Shomoro niliwafahamu, ni walewale wa bandarini kwetu, wagomvi walewale. Kulikuwa na wadogo wenye kofia nyeusi, waliochukua mbegu moja moja na kukimbilia nayo mtini kama walioiba. Kulikuwa na wa kijivu wenye tumbo jeupe, hawa hawakupanda juu, walikula chini. Mmoja mkubwa wa buluu alikuja kwa makelele na wote wakampisha. Njiwa pori walikaa kwa uzito, wamejivimbisha.

Na kulikuwa na wekundu. Hao walikuwa wawili, mume na mke. Dume jekundu lote, na shungi kichwani, na kitambaa cheusi usoni. Jike la rangi ya hudhurungi, na wekundu kidogo mbawani kama aliyejifutia mkono. Hawakuja mchana pamoja na wengine. Walikuja alfajiri kabla ya shomoro kuamka, kisha wakaja tena jioni, wakati mwanga unageuka buluu juu ya theluji na ndege wengine wote wameshaondoka. Dume lilitangulia, likakaa kwenye tawi, likatazama huku na huku. Jike likafuata. Wakala kwa haraka bila ugomvi. Wakiondoka, giza limeingia.

Mwanangu naye alikuwa na kilio chake cha jioni. Mchana alikuwa mpole, lakini magharibi ikikaribia alianza, akalia mpaka akawa wa zambarau, miguu ameikunja tumboni. Mama mkwe alisema ni mambo ya magharibi, akawasha udi na kumsomea. Mimi niliona tu kwamba kilio kilianza wale wekundu wanapofika. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa changu. Kuigeukia na kidonda cha uzazi ilikuwa kazi. Kwa hiyo niliwatazama ndege. Shungi jekundu likitokea mtini, nilifungua kifungo cha kifuani kabla mtoto hajafungua mdomo.

Kipanga alikuja siku mawingu yalipoanza kushuka chini. Sikumwona akija. Shomoro walinyamaza ghafla, ua ukawa mtupu kwa mara moja, akabaki njiwa pori mmoja ambaye hakuelewa. Kitu cha kijivu kikapita, na njiwa akawa chini yake, hatua chache kutoka kwenye kioo changu. Kipanga akamkunjulia mabawa kumfunika, akanitazama. Jicho lake lilikuwa la njano. Kisha akaanza kumnyonyoa angali hai, na manyoya yakapeperuka taratibu kama theluji nyingine. Damu ilikuwa nyekundu kuliko nilivyojua damu inaweza kuwa. Nikamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Mama mkwe alivuta pazia. Alisema mzazi haoneshwi damu, akanisomea, akanipulizia usoni. Alisema kwa sauti ya chini, "Na wewe humu ndani umelala bila moto."

Jioni ile theluji ilianza.

Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda zamu, ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Alifika, lakini hakuweza kurudi. Alipiga simu asubuhi akasema mabasi ya Kipling hayatembei, barabara haionekani, wamelala juu ya makatoni, na atarudi kwa miguu theluji ikipungua. Aliuliza kama hita inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Aliuliza tena kabla ya kukata.

Hatukumaliza chai. Tawi la mti wa jirani, lililoelemewa na theluji, lilivunjika likaangukia waya, na taa zikazimika barabara nzima. Hita ilitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa. Mashine kubwa ya kupasha nyumba joto, iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ukuta usiku na mchana hata nikaacha kuisikia, ilinyamaza, na hapo nikaisikia.

Mama wa juu alishuka na blanketi na mshumaa. Alisema amepiga simu kampuni ya umeme, wamemwambia wanakuja, na sauti ya aliyemwambia haikuwa ya mtu anayekuja. Akatupa blanketi lake la pili. Mama mkwe alikataa kulipokea mpaka aone analo jingine.

Baridi haikuingia kwa fujo. Ilishuka zile ngazi kama mtu anayejua nyumba. Kwanza sakafu, kisha ukuta, kisha vyuma vya kitanda. Kufika mchana niliona pumzi yangu. Kisha niliona pumzi ya mtoto, kijifundo kidogo cha mvuke kikitoka na kupotea, kikitoka na kupotea, nikawa siwezi kutazama kitu kingine. Nilimweka ngozi kwa ngozi ndani ya kanga, na juu yake sweta, na juu yake koti la mume wangu. Pua yake bado ilikuwa ya baridi.

Mume wangu alikuwa ameziba madirisha tangu mwezi wa kumi. Alibandika karatasi ya nailoni pande zote kwa gundi, akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Nje upepo ulikuwa umesukuma theluji hadi nusu ya kioo. Juu ya hiyo nusu niliwaona shomoro kwenye kichaka, wamejivimbisha wakawa mipira, vichwa vimezama ndani. Mmoja alianguka. Hakupigwa na kitu, alianguka tu kutoka kwenye kijiti chake hadi kwenye theluji karibu na kioo, akalala ubavu, mguu mmoja umenyooka. Nilingoja ainuke. Mama mkwe alisimama kando ya kitanda, akaona ninachokitazama. Alimtazama yule ndege. Akamtazama mtoto. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi.

Alirudi na karai la chuma na mfuko wa makaa ambao mama wa juu alikuwa nao tangu kiangazi kwa ajili ya mishkaki. Alikuwa amemwomba ili achemshe chai, na chai kweli aliichemsha, kwenye mlango wa pembeni, nusu ndani nusu nje, huku theluji ikimpiga mgongoni. Birika la kwanza alimpelekea mama wa juu. La pili alileta kwetu. Nilimsikia akipuliza makaa na kukohoa. Alikaa huko muda mrefu, akiungoja moshi uishe. Alijua kazi yake. Makaa mabichi ndiyo yenye moshi na ndiyo yanayoumiza macho na kifua. Yakishaiva, yakawa mekundu yote na jivu jeupe juu, hayana neno. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amezalisha mtaa mzima. Mume wangu alisema tatizo ni moshi. Mama mkwe aliuondoa moshi wote.

Akaliingiza karai kwa matambara mawili, akalisukuma chini ya kitanda changu. Akafunga mlango wa chumba, akaweka mkeka uliokunjwa chini yake kuzuia upepo.

Sitasahau raha ile. Joto lilipanda kupitia godoro, likaingia kiunoni, likaingia mgongoni ambapo maumivu yalikuwa hayajaniacha tangu hospitali. Harufu ilikuwa ya nyumbani kabisa. King'ora cha moshi, kilichotumia betri, hakikusema kitu. Mama mkwe alinyoosha kidole kukionyesha, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu kipanga.

"Mwambie mume wako akija. Hakuna moshi hata wa kumfukuza mbu."

Nikanywa chai. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalala. Nilimgusa pua: ilikuwa na joto zuri. Neno la muuguzi likanitoka kichwani kwa mara ya kwanza. Mama mkwe alikaa sakafuni kwenye jamvi, miguu ameinyoosha kuelekea motoni, tasbihi mkononi.

Kichwa kilianza kuniuma. Nilidhani ni usingizi niliokosa. Nikageukia dirisha, nikafanya kama kila siku, kuwapanga ndege walioko uani, nani yuko juu, nani yuko chini. Mama wa juu alikuwa ametoka na kopo lake katika hali ile ile ya hewa, wakajaa. Lakini sikuweza kuwapanga. Nilimtazama mmoja mwenye kofia nyeusi, na nilipotaka kusema moyoni ni yupi, sikuwa na neno. Walikuwa vitu vinavyoruka tu. Nilijiambia ni nailoni ya dirishani imeingia ukungu. Nikafumba macho, nikafumbua, na uani hakukuwa na ndege hata mmoja.

Mwanga ulikuwa umegeuka buluu.

Dume jekundu likatua. Katika weupe ule lilikuwa kama kitu kilichochomwa. Likatazama huku na huku. Jike likafuata. Nikawatazama wakila, na nikajua kuna kitu kinakosekana. Nilikuwa na hakika, kama vile unavyokuwa na hakika umeacha kitu nyumbani ukiwa tayari njiani. Nilikitafuta polepole. Umeme? Umeme ulikuwa umeondoka, hilo nilikuwa nalijua. Mume wangu? Yuko ghalani. Udi? Mama mkwe hajawasha udi. Kwa nini hajawasha udi na wekundu wamefika?

Hapo ndipo nikajua. Wekundu wamefika, na mtoto hajalia.

Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kifungo, vimekwenda vyenyewe. Nikafunua kanga. Uso wake ulikuwa mzuri, wa waridi, mzuri kuliko siku zote. Nikamwekea titi mdomoni. Mdomo ulibaki wazi, maziwa yakamwagika shavuni. Nikamtikisa mguu, ukarudi chini kama kamba. Nilitaka kuona kama anapumua, lakini sikuweza kutenganisha kinachocheza kifuani kwake na kinachocheza mbele ya macho yangu.

"Mama," nikaita.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Alijibu bila kukiinua, ulimi mzito.

"Mwache alale. Leo amepata moto."

"Mama, hajalia."

Hakujibu tena. Tasbihi ilikuwa sakafuni.

Nilishuka kitandani na miguu haikunipokea. Nikajikuta nimepiga magoti, uso karibu na karai, na joto likanipiga machoni. Mlango ulikuwa upande wa pili, mbali kuliko ulivyokuwa, na mtoto alikuwa juu. Nikapanda tena kitandani kwa kujivuta kwa mikono. Dirisha lilikuwa karibu zaidi. Nikaikwarua nailoni kwa kucha, nikaing'ata, ikachanika. Kitasa cha dirisha kilikuwa kimeganda. Kinu cha shaba kilikuwa kwenye rafu kando ya kitanda, na mchi wake ndani. Nikashika mchi nikapiga kioo. Mara ya kwanza haukufanya kitu, mkono wangu ulikuwa wa mtu mwingine. Mara ya pili kilipasuka.

Wale wekundu waliruka. Theluji iliyokuwa imeegemea kioo ikaanguka ndani, juu ya mito, juu ya kichwa changu. Hewa ikaingia kama kisu. Nikamnyanyua mtoto kwa mikono miwili nikamweka uso wake kwenye tundu lile, kwenye baridi ileile niliyokuwa nikimficha tangu azaliwe, nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Mama wa juu aliniambia baadaye kwamba nilikuwa namwita mama yangu, aliyekufa mimi mdogo.

Alishuka ngazi na viatu vya theluji. Alisukuma mlango, ukazuiwa na mkeka, akausukuma kwa bega. Nilimwona akisimama na mshumaa wake, akiangalia chini ya kitanda.

"Makaa," alisema. "Mmeingiza makaa."

Kwao Mwanza walikuwa na mlinzi. Alijifungia kibandani na jiko usiku wa mvua, asubuhi walimkuta amekaa kwenye kiti chake, amekufa. Hayo alinisimulia siku nyingine. Wakati ule hakusimulia. Alizima mshumaa kwa vidole, akamshika mama mkwe kwapani, mwanamke mrefu kumpita yeye, akamburuta hadi mlango wa pembeni na kumlaza nusu yake kwenye theluji. Akarudi. Karai alilivuta kwa pindo la lile koti, akalipeleka nje. Akarudi mara ya tatu, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akachota theluji kwenye mito na kumpaka nyayoni na shingoni, akimsemesha Kigujarati kwa ukali, kama anayemgombeza mtoto aliyechelewa shule.

Mtoto alilia. Kilikuwa kilio chembamba, kisha kikakatika, nikadhani ndiyo mwisho, kisha kikarudi na hasira. Nimesikia sauti nyingi maishani mwangu. Hakuna niliyoingojea hivyo.

Wazima moto walikuja kwa miguu, maana gari lao lilikwama kwenye kona ya barabara. Walimwekea kila mmoja wetu hewa ya oksijeni usoni. Kwa mtoto iliwabidi waishike tu karibu na pua, kifuniko kilikuwa kikubwa kuliko uso wake. Mmoja aliuliza kama hakuna kifaa cha kugundua hewa ya sumu ndani ya nyumba. Kilikuwapo, kimechomekwa ukutani kwa mama wa juu, na umeme haukuwapo. Walitubeba hadi barabara kuu. Nilikuwa na kanga tu na blanketi, katikati ya arobaini yangu, theluji ikinianguka kichwani, na sikuhisi baridi hata kidogo. Nilikuwa nasikiliza.

Hospitali daktari alitueleza kwa upole. Hewa ile ya sumu haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Makaa yaliyoiva huitoa sana. Nilimtafsiria mama mkwe, aliyekuwa kitanda cha jirani, uso umekuwa mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Muulize," alisema. "Kwetu tumewasha vizazi na vizazi. Mbona hatukufa?"

Daktari aliuliza nyumba zetu zikoje. Nikamwambia habari za madirisha ya mbao yasiyofungika vizuri, paa la makuti, matundu juu ya mlango. Akatikisa kichwa kukubali. Nyumba zile zilikuwa zinapumua, alisema. Chumba chenu kilikuwa kimezibwa.

"Na kama haionekani wala hainuki," mama mkwe aliuliza, "mtu ataijuaje?"

Swali hilo sikulitafsiri.

Mume wangu alitukuta huko. Alikuwa ametembea kutoka ghalani, ndevu zina barafu. Alimbeba mtoto, akakaa naye dirishani. Alipomgeukia mama yake alimwambia tu, pole, Mama. Nadhani angemgombeza ingekuwa rahisi kwa mama mkwe.

Tuliporudi nyumbani umeme ulikuwa umerudi, na dirisha langu lilikuwa limezibwa kwa ubao. Ndege niliwasikia tu. Madaktari walisema mtoto ni mzima, moyo mzima, kichwa kizima, hewa ya sumu aliyovuta ni kidogo kwa sababu hakukaa nayo sana. Niliwaamini mchana. Mara alipolala, sikuwaamini. Sasa sikuogopa pua ya baridi, niliogopa akitulia. Kila alipofumba macho nilimfinya mpaka alie, kisha nikalia naye. Sikulala. Nilianza kuona vitu pembeni mwa macho, vikipita.

Mama mkwe alipika, akafua, akanikanda. Lakini hakumgusa mtoto. Nguo zake alizikunja akaziweka mwisho wa kitanda na kurudi nyuma, kama mtu anayelisha mnyama asiyemjua. Akimsikia analia alinitazama mimi. Nilimsikia jikoni akimwambia mwanawe amtafutie tiketi, arudi Tanga kabla ya arobaini kwisha, aje dada yake mume wangu badala yake. Mume wangu alisema tutazungumza. Mama wa juu alishuka akamwambia mama mkwe, dada, kuku wako wana njaa, lakini mama mkwe aliendelea kukunja nguo, naye akapanda tena.

Ikafika asubuhi moja ambapo nilimshika mtoto na mikono ikaanza kumwachia yenyewe. Nilishtuka, nikamkamata. Ikatokea tena. Mume wangu alikuwa kazini. Nilishuka kitandani, nikaenda jikoni, ambako mama mkwe alikuwa anatwanga pilipili manga kwenye kile kinu.

"Mama, nataka kulala," nikasema. "Mshike. Mtazame anavyopumua."

Alifuta mikono kwenye kanga, akairudisha nyuma mgongoni.

"Mimi?"

"Baba yake hulala akimshika. Mama wa juu huzungumza. Simjui mwingine anayeogopa kama mimi."

Mama mkwe akakaa kwenye kiti, akanyoosha mikono. Nikamwekea. Alifungua vifungo vya nguo ya mtoto, akaweka kiganja kizima juu ya kifua chake, na akaacha kusonga. Nilisimama pale nikimwangalia akimwangalia.

"Nenda," alisema. "Namsikia."

Nililala. Nilipoamka mwanga wa jikoni ulikuwa wa upande mwingine, na mtoto alikuwa analia kwa njaa. Mama mkwe aliniomba nimsaidie kuuondoa mkono wake kifuani kwa mtoto. Ulikuwa umekufa ganzi. Hakuuhamisha hata mara moja.